Bolti Iliyokufa Hesi: Matengenezo ya Springi za Gari la Chama

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Katika hati za malipo za chama chenye gari, aghalabu hukutwa stakabadhi yenye maelezo haya tu: "matengenezo ya springi". Chini yake pana kiasi cha fedha, saini ya fundi na saini ya katibu. Hakuna awezaye kujua kutokana na karatasi hiyo kama fundi alibadilisha bolti, au alichonga hesi mpya, au aliizungushia bolti mbovu kipande cha bati akaigonga nyundo mpaka ikatulia. Kazi zote tatu huandikwa kwa maneno yale yale, na pengine kwa bei ile ile. Tofauti yao huja kuonekana siku gari linaposhuka mteremko wakati wa masika, likiwa na magunia kumi na tano ya kahawa na wanachama wanne waliopewa lifti juu yake.

Kwa sababu hiyo habari ya hesi, ingawa ni habari ya gereji, inastahili nafasi katika mazungumzo ya ushirika. Katibu hatakiwi awe makanika. Anatakiwa ajue kiasi cha kumwezesha kuuliza swali la pili, baada ya dereva kuja ofisini na kusema, "Ndugu Katibu, gari limepona."

Bolti inavyoshika

Wengi hudhani kuwa bolti hushika vitu jinsi kigingi kinavyomshika mbuzi, yaani hupita katika tundu lake na kuzuia kwa unene wake. Katika springi za gari sivyo ilivyo. Nati inapokazwa, bolti huvutika. Urefu wake huongezeka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nayo hutaka kuurudia urefu wake wa kwanza. Mvuto huo ndio unaoibana springi juu ya ekseli, na mbano huo ndio unaozaa msuguano wa chuma juu ya chuma, ambao huizuia ekseli isisogee mbele wala nyuma dereva anapokanyaga breki. Bolti yenyewe, ikiwa imekazwa sawasawa, karibu haipigwi na kitu chochote.

Hapo ndipo hesi zinapopata umuhimu wake. Mvuto wote huo hubebwa na vile vilima vyembamba vinavyozunguka bolti na wenzao waliomo ndani ya nati. Wala havibebi kwa usawa. Hesi ya kwanza, ile iliyo karibu na kitu kinachobanwa, hubeba takriban theluthi moja ya mzigo wote, ya pili hubeba kidogo kuliko hiyo, na zile za mwisho karibu hazibebi kitu. Hesi ya kwanza ikilika, mzigo wake huiangukia ya pili ambayo haikuwa imezoea kuubeba, kisha ya tatu. Hii ndiyo maana bolti iliyokaa salama miaka mingi huweza kufa hesi zake zote kwa robo tu ya mzunguko wa spana, na fundi akabaki ameshika spana inayozunguka bure.

Yafaa ijulikane pia kwamba bolti iliyolegea ndiyo inayovunjika, kuliko ile iliyokazwa kwa kipimo. Ile iliyolegea hupigwa na kila shimo la barabara, huku na huko, maelfu ya mara kwa safari moja, na chuma kikipigwa hivyo huchoka hata kikakatika ghafla. Dereva asemaye kwamba nati "imelegea kidogo tu" huwa anataja mwanzo wa kuvunjika.

Dalili zake si za kificho. Kwanza, unga mwekundu wa kutu hutoka kandokando ya nati au mahali jani la springi linapokaa, kwa kuwa vyuma vinasuguana. Pili, pana mstari mpya unaong'aa pembeni mwa washa, alama ya kwamba kitu kimesogea. Tatu, husikika mlio wa "ko" mara moja wakati wa kukanyaga breki, na mara nyingine wakati wa kuondoka. Nne, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, gari hutembea upande. Anayelifuata kwa nyuma huona kwamba magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hapo bolti ya kati inayoyaunganisha majani ya springi imekwisha katika, na ekseli imehama mahali pake. Gari la namna hiyo halipaswi kumaliza safari.

Hesi zinavyouawa

Hesi hazifi zenyewe. Kutu huzidhoofisha, lakini mara nyingi huuawa na mkono wa mtu. Wa kwanza ni yule anayetia bomba refu katika mpini wa spana ili "ikaze vizuri". Bolti ina mwisho wa kuvutika. Ukipitwa mwisho huo, hairudi tena, na hesi zake hukaa kama meno ya kitana kilichokanyagwa. Wa pili ni yule anayeanzisha nati kwa spana badala ya vidole, akaiingiza ikiwa imekaa upande, kisha akashinda kwa nguvu. Wa tatu, ambaye anahitaji maelezo marefu kidogo, ni yule anayechukua bolti yoyote katika kopo la bolti kuukuu na kuifunga kwa kuwa "inaingia".

Kopo hilo liko katika kila gereji, nalo lina historia ndani yake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi za kipimo kimoja kwa viwanda vyote vya nchi yake, na pembe aliyoichagua kati ya kilima na kilima ilikuwa digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia hesi nyingine za inchi zenye pembe ya digrii 60. Mwaka huo huo ndipo Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa hadharani. Kwa hiyo magari ya zamani ya Kiingereza, ambayo machache kati yao bado yanatembea vijijini, huweza kuwa na hesi za ukoo wa Whitworth mahali pamoja na hesi za makubaliano ya 1948 mahali pengine. Bolti ya nusu inchi ya ukoo wa kwanza, yenye hesi nyembamba, ina hesi 16 katika inchi moja. Ya ukoo wa pili ina hesi 20. Kisha yakaja magari ya Kijapani na hesi zake za milimita. Yote hayo yamefunguliwa katika gereji zile zile, na bolti zake zimetupwa katika kopo lile lile.

Ziko bolti zinazokataa waziwazi, na hizo hazina hatari. Hatari iko katika zinazokubali kwa udanganyifu. Mfano mmoja watosha. Bolti ya milimita 12 yenye hesi nyembamba, inayotumika sana katika magari ya Kijapani, ina nafasi ya milimita 1.25 kutoka hesi hadi hesi. Bolti ya inchi 7/16 yenye hesi 20 katika inchi ina nafasi ya milimita 1.27. Tofauti ni sehemu mbili za mia za milimita, ambayo kidole hakiwezi kuihisi. Lakini unene wa bolti hiyo ya inchi ni kama milimita 11.1, sio 12. Ikitiwa katika tundu la milimita 12 huingia kwa ulaini, huzunguka vizuri, hata hukazika kidogo mwishoni. Dereva hufurahi. Kumbe hesi zake zimeshikana na zile za tundu kwa karibu theluthi moja tu ya kina chake. Ikivutwa kwa nguvu inayostahili bolti ya 12, huchukua ncha za hesi za tundu pamoja nayo. Bolti mbovu ya thamani ndogo imeharibu tundu lililomo katika chasisi.

Kwa hiyo katika gereji inayotambua kazi yake hutumika vipimo viwili: vernia ya kupimia unene, na kile kipimo cha hesi chenye vijani vyembamba vyenye meno, ambavyo hujaribiwa kimoja kimoja juu ya bolti mpaka kipatikane kinachokaa bila kuonyesha mwanga. Vipimo hivyo havina gharama kubwa. Fundi asiyekuwa navyo anakisia, hata kama anakisia vizuri.

Jambo lingine la kutazama ni maandishi juu ya kichwa cha bolti. Bolti ya milimita iliyoandikwa 8.8 imetengenezwa kustahimili mvuto wa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na huanza kunyooka bila kurudi ifikapo asilimia 80 ya nguvu hiyo. Iliyoandikwa 10.9 hustahimili 1000, na huanza kunyooka ifikapo asilimia 90. Bolti za inchi za ugumu wa kati huwa na mistari mitatu kichwani, na zile ngumu zaidi mistari sita. Bolti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia lango la ghala au kitako cha mashine ya kusaga. Haina kazi chini ya gari.

Kufungua bila kuua zaidi

Kazi yenyewe huanza kwa kulisimamisha gari mahali penye ardhi ngumu, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa vigingi, na chasisi ikiwa imeegemezwa juu ya vyuma vya kuegemezea au magogo mapana ya mti mgumu. Jeki peke yake haiaminiki. Tofali na mawe ya saruji ni mabaya zaidi, kwa kuwa hubeba vizuri hadi dakika yanapopasuka.

Hesi zinazoonekana zisuguliwe kwanza kwa brashi ya waya mpaka tope na kutu viishe, kisha zipakwe mafuta mepesi ya kupenya na kuachwa usiku kucha. Wengi hupaka na kufungua papo hapo, kisha husema mafuta hayasaidii. Asubuhi yake nati izungushwe kidogo, irudishwe, izungushwe tena, huku mafuta yakiongezwa. Nati inayofunguliwa kwa mwendo mmoja wa hasira huzoa kutu yote mbele yake na kuitumia kama msasa.

Moto hutumika pale yote hayo yameshindikana, tena juu ya nati tu, na kwa nati ambayo imekwisha hukumiwa kutupwa. Jani la springi lisipashwe moto kamwe, kwani ugumu wake ulipatikana kiwandani kwa moto uliopimwa na huondoka kwa moto usiopimwa. Shokamzoba nazo zina mafuta, na nyingine zina gesi iliyoshindiliwa, ambayo haina subira na moto. Bomba la breki, bomba la mafuta na bushi za mpira vilivyo karibu viondolewe au vikingwe kwanza.

Ipi itengenezwe na ipi itupwe

Baada ya kufungua ndipo huja uamuzi, na hapa ndipo fedha za wanachama zinapookolewa au kupotezwa. Kanuni ni nyepesi kuitamka: bolti haitengenezwi, tundu ndilo linalotengenezwa. Bolti ni kitu cha kununua. Mtu anayeshughulika saa mbili kuchonga upya hesi za bolti ya springi anatumia kazi ya ufundi kuokoa bei ya chuma kidogo, na anapomaliza ana bolti iliyo nyembamba kuliko ilivyokuwa.

Zile bolti zenye umbo la herufi U, zinazoifunga springi juu ya ekseli, ndizo zinazoleta mabishano. Zikikazwa mara moja kwa kipimo chake huwa zimevutika kwa namna isiyoruhusu kuaminiwa mara ya pili. Kila springi inapofunguliwa, bolti hizo na nati zake hubadilishwa, hata kama zinaonekana nzima. Kamati nyingi hulipinga jambo hili kwa kusema chama ni maskini. Lakini chama hicho hicho hulipa bila maswali gharama ya tairi mbili zilizolika upande mmoja kwa sababu ekseli ilihama, wala hakuna anayeziunganisha hesabu hizo mbili.

Tundu ambalo hesi zake zimechafuka tu, au zimepondeka mwanzoni, husafishwa. Chombo bora ni kile kilichotengenezwa kwa kunyoosha hesi bila kukata. Kisipokuwapo, tapu ya kipimo hicho huingizwa kwa mkono, ikiwa na mafuta, pole pole. Ikumbukwe kwamba tapu hukata. Kila ipitapo huacha hesi zikiwa pungufu kidogo.

Hesi zikiwa zimekwisha kabisa, njia ya kwanza ni kutia hesi za waya. Hizi ni koili ndogo za chuma kisichoshika kutu, ambazo kiwanda kilichozifanya zijulikane huziita Helicoil, na mafundi wengi huziita hivyo hata zikiwa za kiwanda kingine. Tundu hupanuliwa kwa biti ya drili iliyo katika sanduku lake, nayo hupita kidogo unene wa bolti. Kisha huchongwa kwa tapu maalumu iliyomo humo humo, maana tapu ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Koili husokotwa ndani mpaka mwisho wake wa juu uwe chini ya uso wa chuma kwa robo hadi nusu ya mzunguko, na kile kijiti cha chini kilichotumika kuizungushia huvunjwa na kutolewa. Bolti ya kipimo kile kile cha zamani hurudi mahali pake. Katika vyuma laini kama alumini, matokeo huwa imara kuliko hesi za awali, kwa kuwa mzigo umesambazwa juu ya eneo kubwa zaidi.

Ila njia hii ina mipaka yake. Inahitaji chuma cha kutosha kuzunguka tundu, na kina cha kutosha kwenda chini. Katika chuma cha pua hesi zinazoshikana zinatakiwa ziwe na urefu usiopungua unene wa bolti. Katika alumini, mara moja na nusu au mara mbili ya unene huo. Nati nyembamba iliyochomelewa nyuma ya bati la chasisi haina kina hicho.

Njia ya pili ni kuongeza kipimo, mathalani kutoka bolti ya milimita 10 kwenda ya 12. Kwa hesi za milimita ukubwa wa tundu la kuchonga hupatikana kwa kutoa nafasi ya hesi katika unene wa bolti. Bolti ya 12 yenye nafasi ya 1.75 hutaka tundu la milimita 10.25 hivi; yenye nafasi ya 1.25 hutaka 10.75. Fundi akitoboa kwa biti ya 11 kwa sababu ndiyo iliyopo, hesi zitakazobaki zitakuwa za kivuli. Tapu ya kwanza iliyochongoka itangulie, ifuate ya pili, kisha ile butu imalizie chini. Kila nusu ya mzunguko mbele irudishwe robo nyuma ili unga wa chuma ukatike. Tapu ikivunjikia ndani, kazi ya saa moja imekuwa kazi ya siku mbili, kwani chuma cha tapu ni kigumu mno kwa biti ya kawaida.

Njia ya tatu ni ya nati zilizomo ndani ya chasisi, ambako mkono haufiki. Hapo dirisha dogo hukatwa kandoni, nati ya zamani huondolewa, mpya ya ugumu ule ule isiyopakwa zinki huwekwa, nayo hushikiliwa kwa bolti kuukuu ili isikae upande wakati wa kuchomelea. Betri iwe imefunguliwa kabla ya hapo. Pakipoa, dirisha huzibwa na kupakwa rangi dhidi ya kutu. Mahali panapofikika pande zote mbili pana njia rahisi zaidi: bolti ndefu ipite moja kwa moja na kufungwa kwa nati upande wa pili. Lakini chasisi iliyo kama sanduku, yenye uwazi ndani, itiwe kipande cha bomba nene kati ya kuta zake, la sivyo nati itakapokazwa itazikunja kuta hizo, na mbano hautapatikana kamwe.

Hayo yote yahusu springi na shokamzoba. Bolti za mkono wa usukani na boli jointi ni habari nyingine. Katika magari yenye ekseli nzima mbele, mkono wa usukani hufungwa katika nyumba ya gurudumu kwa bolti fupi zisizo na kichwa, na zikilegea hulika hadi zikakatika, gurudumu likawa halisikilizi tena usukani. Hapo haifai koili, wala kuongeza kipimo, wala kuchomelea. Bolti zote za mkono huo hubadilishwa kwa zile zile za asili, na tundu likiwa limeharibika, nyumba nzima hubadilishwa. Gharama yake huuma, lakini gereji inayokubali kuchomelea mahali hapo haifai kupewa kazi nyingine yoyote ya chama.

Hila zinazofaa kukataliwa

Zipo hila zinazojulikana kila mahali, na nyingine zinasifiwa. Kipande cha kopo la soda huzungushiwa bolti ili ijae tundu. Uzi wa katani hutiwa kwa kusudi hilo hilo. Bolti huchomelewa na nati yake ili isifunguke tena. Gundi ya chuma hujazwa katika tundu na kuchongwa hesi. Hila ya kopo na ya uzi humpa fundi hisia kwamba kitu kimekaza, ilhali kilichokaza ni msuguano tu. Mvuto wa bolti haupo. Gundi hufaa mahali penye kifuniko kisichobeba kitu. Na bolti iliyochomelewa imepoteza ugumu wake pale pale ilipouhitaji zaidi, tena atakayeifungua mwakani ataikata pamoja na kishikizo chake.

Pamoja na hayo, si haki kumlaumu fundi wa kijijini kwa kila hila. Mara nyingi hila hufanyika saa mbili usiku, gari likiwa porini, mazao yakitakiwa asubuhi. Dereva akifika kwa hila hiyo kwa mwendo wa taratibu, bila mzigo, amefanya vema. Kosa huanza pale hila ya usiku mmoja inapoachwa kuwa matengenezo ya mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeiandika popote.

Kukaza

Hesi mpya zikiisha kuchongwa, tundu lipulizwe mpaka unga wote utoke. Nati ianze kwa vidole, angalau mizunguko mitatu, na ikikataa ifunguliwe na kutazamwa. Bolti zikazwe kwa zamu, pembe kwa pembe, kwa spana ya toki yenye kipimo cha nguvu, kulingana na kitabu cha gari hilo. Kipimo cha kitabu kikiwa ni cha hesi kavu, hesi zilizopakwa grisi zitavutika zaidi kwa nguvu ile ile ya mkono, na hivyo ndivyo bolti mpya zinavyouawa siku ya kwanza. Nati zenye mpira wa nailoni ndani hazirudiwi. Nati zenye vijembe, zinazofungwa kwa pini inayokunjwa ncha, zikitokea tundu halilingani baada ya kipimo kutimia, zisogezwe mbele mpaka lilingane, zisirudishwe nyuma. Mwishoni, hesi mbili au tatu zionekane nje ya nati.

Bolti zinazopita katika bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa wakati magurudumu yananing'inia, mpira hushikwa katika mkao usio wake, na gari likiteremshwa hujinyonga, ukapasuka baada ya miezi michache. Fundi huambiwa alitia bushi mbovu, kumbe bushi ilikuwa nzima.

Baada ya kilomita 100 hivi nati za springi zikaguliwe na kukazwa tena, na mara nyingine baada ya kilomita 1000. Safari ya ukaguzi huo ndiyo husahauliwa kuliko jambo lolote lililotajwa hapa. Gari limetoka gereji, fedha zimelipwa, na dereva ana foleni ya safari. Kama tarehe ya kulirudisha haikuandikwa katika daftari la safari siku ile ile ya malipo, haitakumbukwa.

Karatasi

Stakabadhi ya kazi ya springi inayofaa kulipwa hutaja upande wa gari, ni bolti ngapi zilizobadilishwa, kipimo na ugumu wake, na kama kuna tundu lililotengenezwa, limetengenezwa kwa njia ipi. Tundu lililoongezwa kipimo liandikwe pia katika daftari la gari, kwa maana fundi wa mwaka ujao ataagiza bolti ya 10 kwa kufuata kitabu, na tundu litakuwa la 12. Vipuri vya zamani virudi ofisini vikiwa vimehesabiwa. Bolti nne kuukuu mezani humweleza mjumbe wa kamati mengi kuliko ukurasa wa maelezo: anaziona hesi zilivyolala, anaona kama chuma kilivunjika kwa kutu ya muda mrefu au kwa mvunjiko mpya unaong'aa.

Kuhusu vifaa, sanduku la tapu na dai za milimita, kipimo cha hesi, vernia na spana ya toki ni vitu ambavyo chama kimoja huona ni ghali na hukaa bila kazi muda mrefu. Vyama vitatu au vinne vilivyo katika barabara moja vyaweza kuvinunua kwa pamoja, vikawekwa katika ghala la kimoja wao, vikaazimwa kwa daftari na saini. Sharti liwe moja tu lisilolegezwa: anayevunja tapu anaileta ilivyovunjika. Sanduku linalorudi likiwa na nafasi tupu, bila vipande, huwa tupu lote baada ya misimu miwili.

Na pale kipuri kinapoagizwa mjini, maneno "bolti ya springi ya nyuma" hayatoshi. Bolti mbovu ifungwe kwa waya pamoja na nati na washa yake, itiwe kibandiko chenye namba ya gari, mahali ilipotoka na tarehe, kisha apewe mtu anayekwenda dukani. Ajaribu nati mpya juu ya bolti mpya pale pale kaunta, kwa vidole, kabla ya kulipa.